Kisanduku cha Pili

Ko, ko, ko. Nyundo ilipiga mara tatu, ikanyamaza, ikapiga tena. Nilikuwa kitandani, macho nimeyafumba, nikadhani jirani anatengeneza geti lake. Kisha mlio ukaanza kutembea. Ukasikika upande wa msusi, ukavuka barabara hadi kwa fundi viatu, ukarudi na kusimama nje ya ukuta wetu kabisa, kioo cha dirisha kikatetemeka.

Shangazi akaniita kutoka sebuleni. "Amka ukanisomee. Wamegongelea karatasi kwenye nguzo, na mimi herufi ndogo zimeshanikataa."

Nilitoka huku navaa shati. Wanaume wawili wenye fulana za halmashauri walikuwa wameshasonga mbele, mmoja na nyundo, mwingine na kopo la misumari. Tangazo lilikuwa fupi. Halmashauri ilikusudia kubadili matumizi ya ardhi ya mtaa wetu kutoka makazi kuwa biashara. Yangeruhusiwa majengo ya hadi ghorofa sita, ukuta wa huku ukigusana na ukuta wa kule. Mwenye maoni au pingamizi afike Jumamosi saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa shule ya msingi.

Mara ya kwanza nilisoma kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu watu saba walikuwa wameshanizunguka, mmoja na mswaki mdomoni. Msusi aliuliza ghorofa sita ni urefu gani. Fundi viatu akamwambia achukue vichwa vyote alivyosuka tangu aanze kazi, avipange kimoja juu ya kingine, ndiyo hizo. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

"Ukuta kwa ukuta," alisema. "Hata upande wa dirisha langu?"

Shangazi ni fundi cherehani. Alinichukua nikiwa na miaka minne, kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, alipofariki. Tangu hapo kila nilichovaa, nilichokula na nilichosomea kimepita chini ya sindano yake. Sebule yetu ndiyo karakana yake, na sebule ina dirisha moja tu, linalotazama mashariki, kwenye kiwanja cha jirani. Cherehani imekaa chini ya dirisha hilo miaka yote. Kwa taa ya umeme Shangazi hawezi kushona tena. Balbu humwekea kivuli cha mkono wake mwenyewe juu ya kitambaa, na uzi mweusi kwenye sare ya buluu unapotea kabisa. Ila jua la asubuhi likiingia, bado anashona mshono ulionyooka kuliko mistari ya daftari. Ukuta wa ghorofa sita ukisimama pale, kazi yake imekwisha, na Shangazi bila kazi simjui ni mtu gani. Nadhani hata yeye hamjui.

Mwenye kiwanja hicho cha jirani tulimwita Breki. Aliendesha malori miaka thelathini na moja, na sasa anaziba pancha mbele ya geti lake. Jina alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, si kwa miguu wala kwa maneno. Alikuwa amesimama hapo na mpira wa gurudumu begani, anasikiliza.

Alisema yeye haoni ubaya wa ghorofa. Ana mabinti watatu, mmoja amerudi nyumbani na watoto wawili, na usiku wanalala kama soksi kwenye droo. Nikamwambia kama anataka kulala juu anunue ngazi. Mswaki ukatolewa mdomoni ili mwenyewe acheke vizuri. Breki akahamishia mpira bega la pili, akaingia ndani. Shangazi akaniambia niende nikanawe uso, nimeanza kuongea kabla sijaamka.

Wiki ile nilivimba kichwa, nakiri. Nafanya kazi kwenye kibanda cha kutoa nakala na kuchapa barua, na mtaani naitwa Karani. Mtu akidaiwa kiwanja chake, akitaka kuhamisha mtoto shule, akitaka kumjibu mkubwa fulani bila kumtukana, anakuja kwangu. Sifa hizo zilianza miaka mitatu nyuma, askari wa halmashauri walipokuwa wakipita nyumba hadi nyumba na kuchukua vyerehani, mashine za kukaushia nywele na visanduku vya zana, wakisema tunafanya kazi bila leseni. Ni mimi niliyewajazia watu fomu za leseni, nyumba thelathini na nane kwa siku nne, na zote zikapita. Hakuna cherehani iliyobebwa tena. Tangu hapo nikipita, hata wazee wananiamkia kwa utani, "Shikamoo Karani."

Basi niliandika hotuba. Niliandika mchana kibandani, nikaifuta, nikaandika tena, nikihesabu mizani kwa vidole ili kila sentensi itue kwa uzito wake. Msusi alipita kuchukua nakala zake, akaisoma, akasema angekuwa yeye ndiye halmashauri angejiuzulu. Shangazi nilimsomea mara moja. Aliniuliza mbona hakuna mahali nimemtaja Breki na wajukuu zake. Nikasema hotuba haina nafasi ya kumtetea mpinzani. Akaitikia "Haya," ile haya yake ambayo si ndiyo wala hapana.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti vilikuwa vya wanafunzi wa darasa la pili, kwa hiyo wazee wa mtaa mzima waliketi magoti yakiwa yamefika kidevuni. Mbele, kwenye misumari ya ubao, ilining'inia ramani kubwa. Mitaa yote ilikuwa ya manjano, rangi ya makazi, isipokuwa wetu, uliopakwa buluu ya biashara kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyetumwa na halmashauri alikuwa ofisa mipango miji, mwanamke wa rika la dada yangu kama ningekuwa naye, mwenye sauti ndogo iliyotulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Aliandika kila lililosemwa.

Msusi alisema hawezi kumpandisha mteja ghorofa ya tano kichwa kikiwa na nusu mistari. Fundi viatu aliuliza mtaro ambao leo unashindwa na maji ya nyumba za chini utafanya nini na vyoo vya ghorofa sita, akaomba ofisa asimjibu kabla hajapita hapo mvua ikinyesha. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha alisema anaunga mkono, wapangaji wapo na nafasi haipo. Breki alisimama, akasema maneno yaleyale aliyoyasema mbele ya geti lake, mabinti watatu na wajukuu wawili, akaketi. Wachache wakapiga makofi. Kuna aliyefoka kwamba amenunuliwa, na mwenyekiti wa mtaa akamtaka afute kauli.

Kisha nikasimama mimi.

Sitairudia hotuba hapa. Inatosha kusema nilianza chini nikapanda. Nilisema mtaa wetu ni nyumba za watu. Tunazaliwa humo, tunaugulia humo, tunatolewa humo kwa jeneza, na hakuna mwenye haki ya kukaa ofisini na brashi ya rangi akatuambia kwamba sisi ni soko. Nilimwuliza ofisa ni nani aliyemwambia kwamba pale ni mahali pa biashara. Nililirudia swali hilo mara tatu, na mara ya tatu ukumbi mzima ukaniitikia. Nilikaa nikiwa nimelowa jasho, na nikawa na hakika tumeshinda.

Ofisa alingoja makofi yaishe. Alinishukuru. Akafungua jalada lenye kamba, akasema swali langu ni zuri na angependa kulijibu.

"Mmetuambia nyinyi wenyewe," alisema.

Mtaa una nyumba hamsini na nne. Nyumba thelathini na nane zina fomu halmashauri, na kwenye kila fomu, mahali palipoandikwa matumizi ya kiwanja, kuna visanduku vitatu. Cha kwanza makazi, cha pili biashara, cha tatu makazi na biashara kwa pamoja. Fomu zote thelathini na nane zimetiwa alama ya vema kwenye kisanduku cha pili. Ofisi yake ilipopanga upya mji ilianza na karatasi hizo. Akainua moja ili tuione. Hata kutoka nilipoketi niliijua alama ile. Naiandika kwa mkia mrefu unaopanda hadi nje ya kisanduku, kwa madoido tu.

Ukumbi ukalipuka. Msusi alisema yeye amelala nyumba ile miaka kumi na tisa na hakuna siku aliyowahi kusema hapo si nyumbani. Fundi viatu alisema fomu zimeghushiwa. Neno hilo likadakwa, likapita kiti kwa kiti. Zimeghushiwa. Halmashauri imeghushi. Watu walisimama, viti vidogo vikaanguka. Ofisa alishika jalada lake kifuani kwa mikono miwili, na nikaona midomo yake inatikisika akijaribu kuhesabu kitu au kujizuia kulia.

Hapo nieleze nilichokijua mimi. Miaka mitatu nyuma, fomu ya kwanza kabisa niliyoijaza ilikuwa ya Shangazi, na niliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, makazi. Karani wa dirishani pale halmashauri aliirudisha, akisema hawezi kutoa leseni ya biashara kwa nyumba ya kulala. Nilipouliza kuhusu kisanduku cha tatu, akasema hicho sawa, ila mkaguzi lazima aje kupima vyumba, choo na mlango wa nje, na foleni ya mkaguzi ni miezi. Nje askari walikuwa wanabeba vyerehani. Nikachana fomu, nikachukua nyingine, nikatia alama kisanduku cha pili. Ikapita siku hiyohiyo. Nikaona nimeigundua siri ya serikali, nikafanya hivyo kwa wote. Hakuna hata mmoja niliyemwuliza. Niliwapa sehemu ya kutia sahihi, wakatia, kwa sababu mimi ndiye Karani.

Sasa mtaa wote ulikuwa unanguruma kwamba zimeghushiwa, na mimi nikiwa nimekaa. Ningekaa hivyohivyo tu, pengine mpango ungekufa siku ile. Tuhuma ya kughushi ingemwondoa ofisa yule, jalada lingefungwa, dirisha la Shangazi lingebaki na jua lake. Nilimtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini, ananitazama. Alinifundisha kuandika yeye, kwa chaki ya kushonea, juu ya mabaki ya vitambaa. Mkia ule aliujua kabla yangu.

Nikasimama tena.

"Hazikughushiwa," nilisema. "Nilizijaza mimi. Na sikumwuliza mtu."

Ilinibidi nirudie, kwa kuwa walio nyuma hawakusikia. Nilieleza yote, kisanduku cha kwanza, cha pili na cha tatu. Hakuna mizani iliyokuja kunisaidia. Nilipomaliza, msusi aliniuliza polepole kama nimewauza kwa alama ya vema. Mzee mmoja ambaye siku zote hunitania kwa shikamoo alisonya, akageuza kiti chake kidogo nisiuone uso wake. Nilimtazama Breki, nikitegemea kumwona anafurahi. Alikuwa ameinama, anakwangua gundi ya pancha kwenye ukucha.

Ofisa alikunywa maji, akatafuta ukurasa kwenye kitabu cha kanuni. Alisema fomu isiyojazwa kwa kauli ya mwenye nyumba haina nguvu. Angezifuta zote. Angetoa fomu mpya thelathini na nane, na kila moja iwe na maelezo ya mwenye nyumba pamoja na sahihi mbili, yake mwenyewe na ya aliyejaza ile ya zamani, anayekiri kosa. Muda ni siku kumi na nne. Wakitosha wanaochagua cha kwanza au cha tatu, ramani itarudi mezani. Anayetaka biashara aseme hivyo, ombi lake litaangaliwa peke yake, kiwanja kwa kiwanja. Na asiyerudisha fomu atahesabiwa makazi, bila ruhusa ya kujenga ghorofa. Akanikabidhi bunda la fomu mbele ya watu wote, likiwa zito kuliko nilivyodhani karatasi zinaweza kuwa.

Tulirudi nyumbani. Shangazi alivua viatu, akaketi kwenye cherehani bila kushona.

"Ungeniuliza," alisema, "ningekuambia hapa ni kwangu kwanza. Kazi imekuja baadaye, ikaomba nafasi."

Nikasema samahani. Akasema samahani niipeleke nyumba thelathini na saba zilizobaki, yeye ya kwake ameshaisikia, na nimletee kalamu.

Nikaanza kuzunguka. Msusi aliniweka kwenye benchi saa mbili na nusu, akimaliza kichwa cha mteja ambaye angeweza kabisa kuongea huku anasukwa. Fundi viatu alinitaka nimsomee kila mstari, hata namba ya chini iliyochapishwa na kiwanda. Kuna mlango niliambiwa mwenyewe hayupo, na sauti iliyoniambia hivyo ilikuwa yake. Kuna mama alilia, akasema alidhani nyumba imeshachukuliwa. Nilijifunza kuuliza swali na kunyamaza. Watu walisema mambo ambayo sikuyatarajia. Mmoja aliona bora biashara, amechoka na mtaa. Mwingine alitaka kisanduku cha kwanza tu, hata leseni irudishwe, kwa sababu mumewe anaumwa na anataka ukimya. Kila mmoja nilimwandikia alichosema. Kwa siku kumi na mbili sikutunga kitu chochote, nilinakili tu.

Siku ya kumi na tatu, jioni kabla jua halijazama, nilikuwa nimebakiwa na fomu moja.

Niliilaza juu ya meza, nikaifunika kwa kitabu. Breki hakuwa amekuja kuniulizia, na sikumtegemea aje, baada ya yale ya ngazi. Fomu yake ilikuwa mikononi mwangu na sahihi iliyohitajika ilikuwa yangu. Kesho ikipita, atahesabiwa makazi, na hakuna atakayejenga kitu mbele ya dirisha la Shangazi. Nisingedanganya mtu. Ningechelewa tu.

Shangazi alikuwa anapinda suruali za shule karibu na dirisha, akiwahi mwanga wa mwisho. Aliniuliza amebaki nani. Nikasema wamekwisha. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Na jirani?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia pia nilivyokuwa nimewaza, na kwamba nilikuwa nawaza kwa ajili yake. Aliokota uzi kwenye sketi yake, akautazama kwenye mwanga kama anayeupima, akauviringisha kwenye kidole.

"Yeye naye hukumwuliza," alisema. Kisha akarudi kwenye pindo lake, na cherehani ikaanza tena.

Nikachukua fomu.

Breki alikuwa anakusanya zana zake. Mjukuu mmoja alikuwa amelala juu ya rundo la mipira mitupu, mwingine anamwimbia. Nikamsalimu kwa heshima, akaitikia. Niliomba radhi kwanza kwa maneno ya ngazi, halafu kwa fomu. Alisikiliza yote, huku akipanga spana moja moja kwa ukubwa. Alisema alikuwa anahesabu siku. Binti zake walimwambia anifuate, akawaambia hamfuati mtu aliyemcheka mbele ya mtaa. Angeacha zipite.

Nikamwuliza anataka nini, nikanyamaza.

Aliniambia ghorofa sita hazijui na hazitaki, ni karatasi iliyosema sita, yeye hajawahi kutaja hesabu. Anataka vyumba vitatu juu ya hivi alivyonavyo, kila binti na mlango wake, na pancha aendelee kuziba hapahapa chini. Akanionyesha kwa kidole ukuta ungefika wapi. Nikapima kwa macho. Jua la asubuhi lingechelewa kufika dirishani kwetu hadi saa nne, siku za baridi pengine saa tano. Shangazi angebaki na nusu ya siku yake. Kupitia dirisha lile nilimwona ameinama, paji la uso karibu liguse kitambaa.

Breki naye alikuwa anatazama kulekule. "Namwona kila asubuhi," alisema. "Sikusahau kwamba yupo." Akajifuta mikono kwa tambara, akavuta kigoda, akanipa mimi. Yeye akakalia gurudumu.

"Andika wewe," alisema, "mkono uleule. Lakini nijibu kwanza, Karani. Utaandika ninachotaka mimi, au kinachomfaa shangazi yako?"

Nilifungua kalamu.

"Nitaandika unachotaka wewe, baba, neno kwa neno, hata pale panaponiuma. Nikimaliza nitakusomea mara mbili, na kesho asubuhi nitaipeleka mwenyewe halmashauri, niiweke mkononi mwa yule ofisa. Nakuahidi."